Nyoka Asiyeonekana na Kamera



Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe zilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi za Taifa mwaka 2019, nilidhani kamera za porini zingetuhesabia kila kiumbe. Sivyo. Kamera hizo huamshwa na joto la mwili linalopita. Joto la nyoka hufuata la ardhi, naye hupita bila kupigwa picha. Katika matumbawe ya Australia kamera huzamishwa zikirekodi mfululizo, na nyoka wa baharini huonekana. Pwani yetu, kwa bahati, ina aina moja tu ya hao.

Huku bara aina ni nyingi, na mashahidi ni ninyi mlioko migombani na kandokando ya Mto Kagera. Mkimwona, msimkaribie, mjulisheni Mtendaji wa Kijiji mahali na saa. Aliyeumwa asichanjwe wala kufungwa kamba; awahishwe kituo cha afya.