Jiwe la Gizani: Mtawanyiko na Namna Fizikia Inavyojua



Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu maumbo yasiyofikiwa na jicho tumeyajua kwa njia moja. Tunapeleka mwanga, eksirei, elektroni au sauti kwenye kitu tusichokijua, kisha tunapima kilichopelekwa kimetawanyika kwenda wapi, kwa wingi gani na kwa nishati gani. Vyuo vyetu hulifundisha jambo hili vipande vipande: rangi ya anga huwekwa kwenye somo la mwanga, jaribio la Rutherford kwenye fizikia ya nyuklia, fuwele kwenye fizikia ya yabisi, na rada huachiwa wahandisi. Mwanafunzi humaliza shahada akidhani amesoma mambo manne. Hoja yangu jioni hii ni kwamba amesoma jambo moja, na kwamba asipolitambua hilo anakosa jibu la swali zito kuliko yote katika taaluma yetu: tunajuaje kwamba tunayoyasema juu ya visivyoonekana ni kweli?

Tuanze na anga. Katika miaka ya 1860 John Tyndall alipitisha mwanga katika mirija ya kioo yenye mvuke, akaona chembe ndogo sana zikitoa rangi ya samawati ubavuni. Mwaka 1871 John William Strutt, ambaye baadaye alijulikana kama Lord Rayleigh, alionyesha kwa hesabu kwamba chembe ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, mwanga unaotawanyika huongezeka kwa kipeo cha nne kadiri urefu wa wimbi unavyopungua. Wimbi la samawati la nanometa 450 hutawanyika zaidi ya mara nne kuliko wimbi jekundu la nanometa 650. Ilibaki kujulikana ni chembe zipi zinazofanya kazi hiyo angani, na mwaka 1899 Rayleigh mwenyewe akaonyesha kwamba molekuli za hewa zinatosha, bila kuhitaji vumbi. Hapa ndipo penye ajabu. Lau molekuli zingejipanga kwa safu zisizo na kasoro, mawimbi yanayotoka ubavuni yangefutana, na anga ingekuwa karibu nyeusi mchana kutwa. Inang'aa kwa sababu molekuli zimekaa bila mpangilio, na kiasi cha mng'ao huo kinategemea idadi yake. Ndiyo maana Jean Perrin, alipokusanya ushahidi kwamba atomu zipo kweli, aliihesabu samawati ya anga miongoni mwa njia za kupata idadi ya molekuli. Binadamu ameitazama rangi hiyo tangu enzi na enzi. Kilichokosekana ni hesabu ya kuisoma.

Hata hivyo anga haituambii molekuli ina umbo gani. Wimbi la mwanga ni refu kuliko molekuli ya hewa kwa zaidi ya mara elfu moja, na wimbi refu hukipita kitu kidogo bila kuitambua sura yake. Anayetaka umbo hana budi kutumia wimbi fupi zaidi, na kwa kiasi kikubwa hiyo ndiyo historia ya fizikia ya karne ya 20.

Waswahili husema, jiwe la gizani, ukisikia "yalaa" ujue limempata mtu. Ernest Rutherford na wenzake mjini Manchester walirusha mawe mengi mno gizani. Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden walielekeza chembe za alfa kwenye tabaka jembamba la dhahabu na metali nyingine. Karibu zote zilipita zikipinda kidogo tu, lakini chache zilirudi zilikotoka. Kwa platinamu ilikuwa kama moja katika 8,000. Vitabu vingi vya shule huishia kwenye mshangao huo, vikaacha sehemu iliyo bora. Mwaka 1911 Rutherford hakusema tu kwamba kuna kiini kidogo kizito katikati ya atomu. Alitoa mlinganyo unaotabiri ni chembe ngapi zitaonekana katika kila pembe, na idadi hiyo inavyobadilika kwa kasi ya chembe, unene wa tabaka na chaji ya kiini. Kaunta ya Geiger bado haikuwa imezoeleka, kwa hiyo chembe zilihesabiwa kwa macho, gizani, mmweko kwa mmweko kwenye kioo chenye salfidi ya zinki. Mwaka 1913 utabiri ulipimwa na ukasimama. Lakini mlinganyo ule ulikichukulia kiini kama nukta. Miaka michache baadaye chembe za alfa zilipoelekezwa kwenye viini vyepesi na kuvikaribia sana, idadi ilikataa kulingana na hesabu, na kukataa huko ndiko kulikofichua kwamba kiini kina ukubwa, na kwamba karibu yake kuna nguvu isiyo ya umeme. Nasisitiza hili: mlinganyo ulipofaulu tulijua kiini kipo, uliposhindwa tulijua kina upana.

Mtindo huo ulirudiwa Stanford. Katika miaka ya 1950 Robert Hofstadter alitawanya elektroni kwa protoni, akakuta zinazopinda kwa pembe kubwa ni chache kuliko ambavyo nukta ingezipindisha. Protoni, basi, imetandaa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa nishati kubwa zaidi, Jerome Friedman, Henry Kendall na Richard Taylor wakakuta kinyume chake: elektroni nyingi mno zilipinda sana, kana kwamba ndani ya protoni mna vitu vidogo vigumu. Hivyo ndivyo kwaki zilivyotoka kwenye karatasi za wananadharia zikawa sehemu ya ulimwengu tunaoupima.

Mtu atapinga, akisema kwamba umoja huu ni wa juu juu. Mwanga husukuma elektroni za molekuli, alfa husukumwa na chaji ya kiini, nutroni huguswa na nguvu ya nyuklia. Kinachofanana ni jina tu. Pingamizi hili lina uzito, kwa sababu nguvu hizo ni tofauti kweli. Lakini swali linaloulizwa kila mara ni lile lile, uwiano wa urefu wa wimbi kwa ukubwa wa kitu, na hesabu ya namna mawimbi kutoka sehemu mbalimbali yanavyojumlishana au kufutana haibadiliki. Matone ya wingu, ambayo ni makubwa kuliko wimbi la mwanga, hutawanya rangi zote karibu sawa, na wingu huwa jeupe. Mantiki hiyo hiyo huamua kama rada itayaona matone ya mvua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sidhani linaweza kufutwa. Vitu viwili tofauti vinaweza kutoa mtawanyiko mmoja. Kifaa hupima ukali wa wimbi, lakini hakirekodi awamu yake, yaani mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake. Nusu ya habari hupotea hapo. Wataalamu wa fuwele waliishi na tatizo hili kwa miongo. Mwaka 1953 Max Perutz alipata njia kwa himoglobini: aliongeza atomu za zebaki ndani ya fuwele, akalinganisha picha za eksirei kabla na baada. Badiliko linalojulikana lilimpa awamu isiyojulikana. Jibu langu liko katika mfano huo. Kipimo kimoja cha mtawanyiko hakithibitishi umbo. Vipimo kadhaa visivyotegemeana huyapunguza maumbo yanayowezekana mpaka yakabaki machache. Eksirei huona elektroni na karibu huikosa haidrojeni, ilhali nutroni huiona vizuri. Mwaka 2010 vipimo vya haidrojeni yenye muoni badala ya elektroni vilitoa nusu kipenyo cha protoni cha femtometa 0.84, wakati thamani iliyokubalika, iliyotegemea pia mtawanyiko wa elektroni, ilikuwa karibu 0.88. Tofauti hiyo ilisumbua wengi. Mwaka 2019 jaribio jipya la mtawanyiko huko Jefferson Lab, Marekani, lililopima pembe ndogo kuliko za awali, likatoa 0.83. Njia iliyoshukiwa ilisahihishwa kwa njia yenyewe, ikifanywa kwa uangalifu zaidi.

Vipi pale ambapo hatuwezi kubadilisha chochote? Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iligundua kwamba makundi ya galaksi hutoa eksirei kutoka eneo pana, na leo tunajua zinatoka kwenye gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Muda si mrefu Rashid Sunyaev na Yakov Zeldovich, katika Umoja wa Kisovieti, walionyesha kwamba elektroni za gesi hiyo zitazipiga fotoni za mikrowevu zilizobaki tangu utoto wa ulimwengu na kuziongezea nishati: chini ya gigahezi 217 hivi kundi litaonekana kama doa hafifu, juu yake kama doa angavu. Hakuna aliyerusha jiwe hapo. Ulimwengu wenyewe umelirusha. Bado vipimo viwili vipo, kwani eksirei hutegemea msongamano wa gesi kwa kipeo cha pili, na doa la mikrowevu hutegemea shinikizo lake. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa mwaka 2009, imeorodhesha makundi zaidi ya 1,000 kwa alama hiyo ya mtawanyiko.

Kwa hiyo napendekeza mtawanyiko ufundishwe kama kozi moja, mwaka wa pili, kabla wanafunzi hawajagawanyika kwenda kwenye matawi yao. Maabara yake si ghali: leza ndogo, chupa za maji yenye matone machache ya maziwa, kichujio cha mwanga uliopolaraishwa, na kipima mwanga kinachozungushwa kwa pembe. Mwanafunzi apewe chupa asiyojua imetiwa nini. Kabla ya kuandika jibu, aorodheshe vitu vyote vinavyoweza kutoa mtawanyiko alioupima, kisha aeleze ni kipimo gani kingine kingevitenganisha, na akakifanye.