Taa Inayojua Unakuja

Msikilizaji, saa nane za usiku njia ya chuo haina mtu, lakini taa zinawaka kwa nguvu zote. Zinammulikia nani? Paka, labda.

Mwaka 2012, Chuo Kikuu cha California, Davis, huko Marekani, kilifunga taa za LED zaidi ya 1,400 zinazowasiliana bila waya. Pasipo na mtu hufifia, hazizimiki. Kitambuzi cha kwenye nguzo kikinasa mwendo, taa ile hung'aa na kuziarifu za mbele, hata mwendesha baiskeli (na Davis ni mji wa baiskeli hasa) akute mwanga kabla hajafika.

Hebu piga hesabu nami. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 12 hula yuniti 1.2. Ikiwaka kikamilifu saa 3, kisha saa 9 ikashushwa hadi wati 30, hula yuniti 0.57. Hiyo ni nguzo moja, usiku mmoja.

Wapo wanaosema heri kuzima kabisa. Mimi sikubali: mwanafunzi anayetoka maktaba usiku anataka kuona mwisho wa njia, siyo miguu yake tu.