Mtoto Aliyepasuliwa Moyo Akirudi Nyumbani

Leo tunazungumza juu ya mtoto anayetoka hospitali baada ya operesheni ya moyo. Wamama wengi wanasema: «Mtoto wangu amepasuliwa, alale tu, asitikisike.» Ni mapendo, lakini yanachelewesha kupona.

Munisikilize vizuri. Mtu akilala siku nzima, makohozi yanajaa katika mapafu na miguu inapoteza nguvu. Basi atembee kila siku: leo mpaka mlangoni, kesho mpaka kwa jirani. Akichoka, apumzike. Mara kwa mara avute pumzi ndefu. Akitaka kukohoa, akumbatie kikwembe kilichokunjwa, akikaze juu ya kifua. Maumivu yatapungua.

Mara nyingi mfupa wa kifua umekatwa katikati. Unaomba majuma 6 mpaka 8 kwa kuungana. Kwa hiyo asibebe bidon ya maji, asitwange, asipande muembe. Usimuinue kwa makwapa; weka mkono mmoja nyuma ya mgongo, mwingine chini ya matako.

Mpe maharagi, mayai, ndagala na matunda. Kama muganga amepunguza chumvi, makayabo hapana.

Osha mikono mbele ya kugusa kidonda. Usipake majani wala mafuta. Ukiona usaha, homa, miguu kuvimba, ama anapumua kwa shida, mlete siku ile ile. Usingoje siku ya kliniki!

Sasa neno kubwa. Watoto wengi wameharibika moyo sababu ya ugonjwa wa koo usiotunzwa. Operesheni inatengeneza mlango wa moyo, lakini haizuii ugonjwa wa koo kurudi, na ukirudi unaweza kuharibu moyo tena. Kwa hiyo mtoto wa namna hii anaendelea na sindano ya penisilini kila majuma 3 ama 4, miaka mingi, hata akicheza mupira kama wengine. Ni muganga peke yake anayesema: «Sasa tuache.»

Asugue meno pia asubuhi na jioni, maana vidudu vya kinywa vinaweza kuingia katika damu na kushika moyo.

Mama, andika siku ya sindano kwa karatasi, uitundike ukutani. Baba aijue, na nyanya aijue, ili hata siku wewe uko shambani, mtoto asikose.