Umeme: Tuwabane vigogo, tubane na matumizi!

Haya ni maelezo yaliyotolewa kwa vijana wenye saluni, karakana na vibanda vya biashara jijini Dar es Salaam.



Wengi wenu mmejiajiri wenyewe. Hamkungoja ajira ya serikali. Mmefungua saluni, karakana za kuchomelea na vibanda vya soda Manzese, Buguruni na Mbagala. Lakini kabla hamjagawana mlichopata, yupo mbia asiyetoa jasho anayedai fungu lake: LUKU!

Nianze na vigogo. Mwaka 1995 serikali ya chama tawala ilituingiza katika mkataba wa miaka 20 na kampuni ya IPTL, wa mitambo ya megawati 100 ya kuchoma mafuta pale Tegeta. Mitambo ikaanza kuuza umeme mwaka 2002. Kwa mkataba ule, TANESCO ilitakiwa kulipa kila mwezi kwa sababu tu mitambo ipo, iwe inazalisha au imelala! Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani, ikaja Richmond. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Novemba 2014 Bunge likawaka moto kwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Je, mizigo hiyo inamwangukia nani kama si mlipa bili na mlipa kodi?

Hayo tutaendelea kuyasema majukwaani. Lakini jukwaa halizimi taa ya kibandani kwako. Wakubwa walikubali kulipia mitambo iliyolala. Na wewe ukiacha mashine inawaka bila kazi, umetia saini mkataba mbovu wa kwako mwenyewe.

Tupige hesabu. Saluni yenye taa 10 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 10 kwa siku, zinakula uniti 6. Weka taa za LED za wati 9, zenye mwanga karibu ule ule: zinakula uniti 0.9. Kwa siku 26 za kazi umeokoa uniti 132 na ushee. Zidisha kwa bei ya uniti moja unayolipa, utajua taa hizo zitarudisha fedha yako lini.

Mwenye friji, iondoe juani na uiachie nafasi ukutani. Barafu ikijaa, iyeyushe. Bana noti mlangoni kisha uivute. Ikichomoka kirahisi, mpira umechoka. Mchomeleaji, mashine ya transfoma inavuta umeme hata wakati unapima chuma, izime. Seremala, msumeno butu unaichosha mota, unoe. Fundi cherehani, kusanya nguo uzipige pasi kwa mkupuo mmoja, usiwashe pasi kwa kila shati. Na ofisi yenye kiyoyozi, weka nyuzi 24 au 25, safisha chujio, funga milango.

Kisha nunua daftari. Soma mita unapofunga, soma tena unapofungua. Kama huna friji na uniti zimepungua usiku, kuna kitu kinakula umeme ukiwa umelala, au waya unavujisha. Ita fundi anayeaminika. Usijiunganishie nyaya za wizi. Umeme huo huua, na huwezi kumnyooshea kidole fisadi kwa mkono unaoiba.

Vijana, daftari hilo ni silaha. Anayejua uniti zake hawezi kuambiwa kwamba bili imekua kwa uzembe wake akanyamaza. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115, kwa fedha za Watanzania. Tuna haki ya kuuliza: unafuu wake uko wapi katika bili ya kinyozi? Na mikataba ya umeme iwekwe wazi, kila mwananchi aisome!

Fungua hesabu zako kwanza. Kisha simama mbele ya mkubwa, umwambie naye afungue zake.