Walimu Waliotoka Haiti



Katika yubile hii twawakumbuka pia walimu wageni. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1960, walimu wengi Wabeleji walirudi kwao. Ndipo UNESCO ikaajiri watu wa Haiti, kwa kuwa walijua Kifaransa. Kwao Duvalier alitawala kwa ukali tangu 1957, basi wengine hawakuthubutu kurudi. Ngozi yao ilikuwa kama yetu (na hapo wengi walidanganyika!), lakini wazazi wetu wasimulia kwamba sokoni hawakujua hata kuuliza bei. Asubuhi walifundisha sarufi. Jioni wanafunzi wao waliwafundisha salamu.

Vijana mnaojitayarisha kwenda kufundisha ugenini mwaka mmoja, waulizeni wazee waliosoma kwao. Wako hapa, wameketi viti vya mbele.