Hotuba ya Kamati ya Elimu: Mfereji Haukusimama



Meli inayobeba chai ya milima yetu kwenda Ulaya, njia yake fupi ni Mfereji wa Suez. Tarehe 26 Julai 1956 Rais Nasser wa Misri aliutaifisha mfereji huo, akamkabidhi mhandisi Mahmoud Younis kuusimamia. Katikati ya Septemba, wengi wa marubani wa kigeni waliokuwa wakiongoza meli humo wakaacha kazi. Ilidhaniwa meli zitakwama. Younis na Wamisri wachache wenye ujuzi, pamoja na wageni waliokubali kubaki, wakashika zamu usiku na mchana. Meli zikapita. Baadaye vita viliufunga, ukafunguliwa tena Aprili 1957. Younis aliuongoza hadi 1965.

Tunalisimulia hili kwa sababu moja. Mfereji ulitaifishwa kwa siku moja, lakini wale wachache waliojua kazi walisomeshwa miaka mingi kabla. Bila wao, amri ya Rais isingepitisha hata meli moja.

Watoto wetu akili wanazo. Lakini wengi wanasoma fizikia na kemia ubaoni tu, bila kugusa kifaa. Ndiyo maana mwaka huu tunachangia maabara. Mwenye saruji alete saruji, mwenye mabati alete mabati. Asiyenacho leo aandike ahadi, na aitimize. Mawe na mchanga tutasomba wenyewe.