Omena kwa Mtoto: Samaki Mdogo Aliwe Mzima

Leo tuzungumze juu ya samaki wa Ziwa Victoria: mbuta, ngege na omena.

Je mama, ukiwa na pesa kidogo sokoni, ni samaki yupi atamfaa mtoto wako? Wengi wetu hudhani ni yule mkubwa, na omena tunamwachia kuku. Ni kweli kwamba nyama ya mbuta na ngege ina protini ya kujenga mwili. Lakini omena pia anayo. Tofauti ni kile tunachotupa. Samaki mkubwa tunakula minofu, na mifupa na matumbo tunatupa. Omena huliwa mzima. Mifupa yake ina kalisi ya kuimarisha mifupa na meno ya mtoto. Pia mtoto hupata madini ya chuma ya kuongeza damu, na zinki ya kumsaidia kukua na kupambana na maradhi.

Baadhi ya akina mama humpa mtoto mchuzi tu, wakiogopa miba. Mchuzi sehemu kubwa ni maji. Lishe imebaki kwenye samaki, naye ameliwa na wakubwa!

Fanya hivi. Chagua omena anayeng'aa, asiye na ukungu, aliyeanikwa juu ya wavu wala si mchangani. Mwoshe kwa maji safi mara kadhaa hadi mchanga uishe. Mkaushe, kisha mkaange bila mafuta mpaka awe mkavu kabisa. Mtwange pamoja na kichwa chake, uchekeche, na uhifadhi unga huo katika chombo kikavu chenye kifuniko.

Mtoto akitimiza miezi 6, anza na unga kidogo katika uji mzito au viazi vilivyopondwa. Akizoea, mpe kijiko kimoja kila siku. Endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 au zaidi. Jua hupunguza vitamini A ya omena, kwa hiyo mpe pia malenge, mchicha au sukuma wiki.

Mama mjamzito, nawe usijinyime omena.

Mtoto akivimba midomo au akitokwa na vipele baada ya kula samaki, acha kumpa na umpeleke kituo cha afya mara moja.